Paka Mmoja Ana Kisukari, Wote Wabadilishiwe Sahani

Ndugu zangu mnaofuga paka, na hasa nyinyi ambao nyumba zenu zina paka watatu, wanne, au wale wasiohesabika wanaoingia kwa dirisha la jikoni na kutokea uani: nawaomba mmtazame vizuri yule mzee wao. Mara nyingi ni dume aliyehasiwa, keshapita miaka saba, ana kitambi, na kutwa haondoki alipolala ila kwa harufu ya samaki. Siku hizi anakunywa maji mpaka anayafuata kwenye ndoo ya chooni. Anakojoa sana, pengine hata nje ya beseni lake la mchanga. Anakula kuliko wenzake wote, na bado mifupa ya mgongo imeanza kuhesabika. Wengine hushtushwa na sisimizi: wanaamka asubuhi wanakuta safu ndefu imeelekea kwenye mchanga wa paka. Ukiyaona hayo usiseme ni uzee, wala usikimbilie kusema ana minyoo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe sukari.

Nahimiza kwa sababu nayajua yanayompata paka wa namna hii katika mitaa yetu ya Unguja. Mkojo unaanza kunuka sebuleni, watu wanachoka kufua mazulia, na siku moja paka anatiwa kwenye kikapu, anapelekwa Darajani au Malindi kunakouzwa samaki, anaachwa. Waliomwacha hujipa moyo kwamba pale vichwa vya samaki havikosekani, hatokufa njaa. Lakini paka mwenye kisukari asiyetibiwa hudhoofika huku anakula. Sukari imejaa kwenye damu, mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo unaanza kuchoma mafuta na misuli yake wenyewe. Mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma inalegea, mpaka anatembea kwa kukanyaga kisigino badala ya vidole. Mwisho damu inajaa ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo yanayochomwa, anatapika, anakataa chakula, na hapo anakuwa mgonjwa wa kufa na kupona. Kumwacha sokoni ni kumwacha afe taratibu mbele ya chakula.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Unafanana sana na kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, ambacho wazee wetu wengi wanacho. Kongosho linatoa insulini kidogo, na hiyo kidogo mwili uliolemewa na unene hauitii. Huko Uingereza, ambako wamehesabiwa, ni karibu paka mmoja katika kila 200. Na nyumba nyingi za hapa tayari zina mashine ya kupimia sukari, na mtu anayejua kushika bomba la insulini. Elimu tunayo ndani ya nyumba. Kilichobaki ni kuitumia kwa kiumbe mwingine.

Tofauti kubwa iko kwenye chakula. Mtu anaweza kuishi kwa wali, ndizi na muhogo. Paka ameumbwa ale nyama. Ini lake si jepesi kushughulikia mzigo mkubwa wa wanga unaoingia kwa mkupuo. Hata utamu haujui: mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell, mjini Philadelphia, walionesha kwamba jeni moja inayohitajika kuonja utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani na kwa jamaa zake wa porini. Kwa hiyo paka wako anapolamba wali wa mchuzi, anafuata samaki na mafuta. Wali umeingia tumboni mwake kwa sababu sisi ndio tuliouchanganya, ili kitoweo kidogo kiwatoshe wote.

Watu wengi wakishaambiwa hivyo huacha wali na kununua chakula kikavu cha punje, wakidhani sasa wamempa paka kitu cha kitaalamu. Naomba muigeuze ile pakiti nyuma kwanza. Mara nyingi wanga haukuandikwa, lakini unaweza kuupata mwenyewe. Chukua 100, toa protini, toa mafuta, toa nyuzi, toa maji, toa majivu. Pakiti yenye protini 32, mafuta 12, nyuzi 3, maji 10 na majivu 8 imebakisha 35, na hiyo 35 ni wanga. Zaidi ya theluthi ya kila punje ni wanga wa nafaka au viazi. Madaktari wengi wa paka hushauri kwamba kwa mgonjwa wa kisukari wanga usizidi kama asilimia 12 ya nguvu anayoipata kwenye chakula. Vyakula vya kopo vilivyosagwa laini mara nyingi viko chini ya hapo; vile vyenye rojo zito vinahitaji tahadhari, kwa kuwa rojo hilo aghalabu hutengenezwa kwa unga.

Sasa tufike kwenye kiini cha wito huu. Paka mmoja peke yake nyumbani ni rahisi: unambadilishia chakula, basi. Wakiwa watano, daktari anakwambia "mpe chakula chake mbali na wenzake", unarudi nyumbani unajiuliza mbali ni wapi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo milango yake mchana kutwa iko wazi kwa joto. Yule mgonjwa ana njaa isiyoisha. Atamaliza chake, atawaendea wadogo, atawasukuma kwa kichwa, atamaliza na vyao. Nimeshuhudia watu wakikata tamaa hapa hapa, wakaona afadhali wamtoe.

Ninachowaomba ni kinyume cha kumtenga. Badilisheni sahani ya nyumba nzima. Chakula kinachomfaa mgonjwa, chenye nyama nyingi na wanga kidogo, ndicho kinachowafaa na wazima. Hakuna paka mzima atakayedhurika kwa kunyimwa wali au punje zenye viazi. Kinyume chake, yule dume mwingine mnene anayemfuatia kwa umri atapunguziwa hatari ya kuingia njia ile ile. Mkiwa na sahani ya aina moja, hata mgonjwa akiiba kwa mwenzake ameiba kitu kile kile, na tatizo lililobaki ni la kiasi tu.

Wapo wa kuangaliwa kwa jicho la pekee. Watoto wa paka na mama anayenyonyesha wanahitaji chakula kingi zaidi na mara nyingi zaidi, cha kukuzia. Na kama mnaye mzee mwingine mwenye ugonjwa wa figo, huyo chakula chake kimepunguzwa fosforasi, hawezi kuunganishwa na mgonjwa wa kisukari. Huyo ndiye wa kutengewa sahani, na daktari awaongoze.

Najua swali linalofuata: makopo bei yake haishikiki, paka watano wataishije? Ndiyo maana nazungumza na watu wa pwani, ambao samaki wanapita mlangoni. Vibua vya kuchemsha, utumbo wa kuku ulioivishwa, firigisi, moyo wa ng'ombe, vyote ni chakula cha paka na havina wanga wa kutisha. Dagaa wetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke, uyamwage maji yale, uwachemshe upya. Samaki mbichi msiwazoeshe, kwa sababu baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na paka aliyeikosa hushindwa kuinua kichwa na shingo. Maini yawe ya mara moja moja. Mifupa iliyopikwa itolewe yote. Na sufuria lenye vitunguu maji au vitunguu saumu lisiguswe kabisa, hata kama nyama ni nzuri namna gani, maana vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka.

Supu iliyotokana na kuchemsha mtilie kwenye sahani yake, usiimwage. Ndani yake kuna taurini, ambayo paka hawezi kujitengenezea ya kutosha na ambayo hutoka kwenye nyama ikaingia majini. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wamepungukiwa taurini tu. Moyo wa ng'ombe au wa kuku una taurini nyingi, nao bei yake si kali. Hata hivyo, nyama na samaki peke yake hukosa kalisi na vitu vingine, kwa hiyo chakula cha kupika nyumbani mkipange pamoja na daktari, au mchanganye: kopo mlo mmoja, samaki mlo mwingine.

Tafadhali, na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao: ikiwa paka wako tayari anachomwa insulini, usimwondolee wanga ghafla kabla ya kuzungumza na daktari. Kipimo cha dawa alichopewa kilipangwa kwa chakula cha zamani. Ukiuondoa wali leo, sindano ile ile inaweza kuishusha sukari mpaka akaanguka. Utamwona anayumba, analegea, anatetemeka, au anapata degedege. Kama anaweza kula, mpe chakula mara moja. Kama hawezi, mpake asali au sukari iliyokorogwa kwa maji kwenye fizi, kwa kidole, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni, kisha mbio kwa daktari. Asali iwepo nyumbani siku zote, mahali ambapo kila mtu anapajua.

Kisha tukubaliane juu ya saa. Desturi yetu ni kuacha bakuli chini kutwa, kila anayepita anadokoa. Katika nyumba yenye mgonjwa na wenzake, desturi hiyo inatunyima habari muhimu kuliko zote: je, amekula? Paka wa kisukari aliyekataa chakula asichomwe dozi kamili kama kawaida. Daktari apigiwe simu kwanza. Na huwezi kujua amekataa ikiwa watano wanakula bakuli moja tangu asubuhi. Wekeni milo miwili, saa moja asubuhi na saa moja usiku, ambayo ndiyo saa ya sindano, kwa kuwa insulini ya paka kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 12. Nusu saa ikipita, sahani zote ziinuliwe. Siku za mwanzo watalia, watakufuateni miguuni. Paka hujifunza saa upesi kuliko tunavyodhani.

Nyumbani kwetu mpangilio umekaa hivi. Mgonjwa, ambaye watoto wanamwita Kijivu, anakula bafuni, mlango umerudishwa. Si adhabu, na yeye mwenyewe anatangulia kuingia akisikia sufuria. Wawili vijana wanakula juu ya kabati la jikoni, kwa sababu Kijivu miguu yake ya nyuma haina nguvu ya kuruka mpaka huko. Yule mdogo mwembamba ana boksi la karatasi lililotobolewa tundu la kichwa na mabega yake tu. Kitambi cha Kijivu hakipiti. Wa tano anakula kwa mwendo wa kobe na anahitaji kusimamiwa, na kazi hiyo ni ya binti yangu, ambaye huketi na daftari lake la shule pembeni mpaka sahani iwe tupu. Wenzetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wanaweza kununua bakuli lenye mfuniko unaofunguka kwa chipu ya paka mwenyewe tu. Ni kifaa kizuri, mwenye uwezo akinunue. Lakini boksi, kabati na mlango wa bafu vinafanya kazi ile ile.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika nyumba zetu anayelisha paka si mtu mmoja. Mama analisha, dada wa kazi analisha, mtoto akirudi skuli anatupa kipande cha andazi, bibi anabakisha tonge. Kila mmoja anatenda wema, na kila mmoja anafikiri ni yeye peke yake. Kwa chakula, hasara yake ni sukari kupanda. Kwa sindano, hasara ni kubwa zaidi: watu wawili wakimchoma mmoja baada ya mwingine bila kuambizana, paka anaweza kufa usiku huo. Bandikeni karatasi kwenye mlango wa friji, yenye tarehe na vyumba viwili, asubuhi na usiku. Aliyechoma anatia alama hapo hapo, kabla hata ya kunawa mikono. Na mkiwa na shaka kama keshachomwa au bado, asichomwe. Kukosa dozi moja kunavumilika, kuzidisha hakuvumiliki.

Mwezi wa Ramadhani uangalieni mapema. Jikoni kunabadilika saa, paka wanashinda wakilala na kukesha na sisi, na magharibi uani kunamwagwa tambi, sambusa, muhogo wa nazi na tende. Saa za Kijivu hazibadiliki. Anayesimamia futari asiwe ndiye anayesimamia sindano, kwa maana saa ile mikono yake imejaa. Apewe mtu mwingine kabisa, na futari ya paka wote iwe ile sahani yao.

Nageuka sasa kwa majirani. Sote tumelelewa na kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwachie ajitafutie, akaadhibiwa kwa hilo. Ndiyo maana kumlisha paka wa mwenzako kwetu ni sadaka, na ni tabia njema ambayo sitaki ipotee. Ninaloomba ni kwamba sadaka hiyo iulize kwanza. Ukimwona paka wa jirani ana ukosi au utepe shingoni, piga hodi: "Huyu anakula nini?" Kama una hamu ya kumpa kitu, mpe kipande cha samaki wa kuchemsha au nyama isiyo na viungo, umwambie mwenyewe umempa. Maziwa usimpe, yana sukari yake, na paka wengi wakubwa yanawaharisha. Na nyinyi wenye mgonjwa, msione haya kupita baraza hadi baraza kusema "paka wetu ana sukari". Watu hucheka kidogo siku ya kwanza, halafu wanakuwa walinzi wakubwa kuliko nyinyi wenyewe. Katika mtaa wetu muuza samaki ndiye aliyeanza kutuwekea vichwa na vipande bila kuombwa, baada ya kusikia habari.

Wenye maduka ya dawa nawaomba jambo moja. Insulini nyingi za watu zina yuniti 100 katika kila mililita. Baadhi ya insulini za wanyama zina 40. Bomba la moja likitumika kwa dawa ya nyingine, kipimo kinakosewa mara mbili na nusu. Mtu akija kununua mabomba akasema ni ya paka, msimcheke na msimharakishe. Mwambieni alete chupa, mlinganishe pamoja. Na nyinyi madaktari wa mifugo mnaotoka vyuo vya Sokoine, Kabete na Makerere, mkiwa mmezoea zaidi ng'ombe na kuku, mpeni mwenye paka robo saa yenu. Mwandikieni kipimo kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Kumbukeni pia kwamba paka aliyeletwa kwenye kikapu akiwa na hofu sukari yake hupanda kwa woga tu, kwa hiyo kipimo kimoja cha kliniki kisitoshe kumhukumu. Kuna kipimo cha fruktosamini, kisichoyumbishwa na hofu ya siku moja, na kuna tone la damu la sikio linaloweza kuchukuliwa nyumbani akiwa ametulia.

Wenye paka wanene wasio wagonjwa, msisubiri. Wapunguzieni taratibu, kama asilimia moja ya uzito kwa wiki. Msiwashindishe njaa hata siku chache, maana paka mnene akikaa bila kula ini lake hujaa mafuta, nao ni ugonjwa wa kuua.

Na lipo tumaini ambalo kisukari cha watu wetu wengi hakitupi kwa urahisi hivyo. Paka aliyegunduliwa mapema, akachomwa insulini vizuri na akaondolewa wanga, mara nyingine hufika mahali hahitaji tena sindano. Kongosho lililokuwa limechoka linapata pumziko, linaanza kazi. Si wote wanaofika huko, na asiahidiwe mtu. Lakini aliyefika huko kisukari chake kimelala tu. Wali ukirudi, nacho hurudi. Basi sahani ya nyumba nzima ibaki vile vile, na maji anayokunywa yaendelee kutazamwa.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mliokwisha kuyapitia haya. Mnajua kwamba sindano ni nyembamba mno, na paka akiwa ameinamia sahani, ukamwinua ngozi ya ubavuni kidogo ukachoma, mara nyingi hata hageuki. Anayeanza hajui hivyo. Mkono unamtetemeka, anaogopa kumuumiza, anaahirisha mpaka kesho. Mkisikia katika mtaa wenu kuna mtu paka wake amegunduliwa na kisukari, nendeni jioni ile ile, saa ya mlo, mkae naye chini bafuni, mmshikie sahani, yeye achome.